Barua ya Bwana Shamba: Mkimbiaji wa Tano

  Mwezi uliopita tulizungumza habari ya kupunguza miche ya pamba. Wengi mmeniambia kwamba mmepunguza. Asanteni sana.

Mwezi huu nataka tuweke jembe chini kidogo. Tuzungumze habari ya watoto wetu na michezo ya shule. Lakini msishangae mwishoni tukirudi shambani. Bwana Shamba hana kwingine kwa kurudi.

Ugomvi uwanjani

Jioni moja nilikuwa napita karibu na uwanja wa shule. Pikipiki yangu ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nilikuwa juu ya baiskeli. Watoto walikuwa wanazunguka uwanja kwa mbio. Mwalimu wa michezo alisimama katikati na filimbi yake mdomoni. Mara nikamwona mzee mmoja, jirani yangu, anakwenda kwake kwa haraka.

"Shikamoo, Mzee," alisema mwalimu.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kumchukua mwanangu. Palizi imetukalia. Na wewe unamkimbiza kila siku kama punda wa maji. Tena nasikia hata kushinda hashindi. Leo wa tano, kesho wa sita. Mtu wa namna hiyo anakimbia kwa faida gani?"

Mwalimu alijibu kwa adabu, "Mzee, huyo wa tano ndiye ninayemhitaji sana."

Mzee akanigeukia. "Bwana Shamba, umesikia maneno hayo? Wewe umesoma hesabu. Tangu lini wa tano akahitajiwa kuliko wa kwanza?"

Kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wa Mzee. Pamba haisubiri mtu. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka habari ya mji mmoja mdogo wa wakulima. Nikawaomba wote wawili tukae chini ya mwembe. Nikawaeleza kama nitakavyowaeleza ninyi.

Mji wa wachuma zabibu

Mji huo uko Marekani, katika jimbo la California. Unaitwa McFarland. Jina hili husomwa "Makfaland". Wengi wetu tukisikia Marekani tunafikiri kila mtu huko ni tajiri. Si kweli. Huko nako kuna watu wanaoinama shambani kutwa nzima na kurudi nyumbani na fedha kidogo.

McFarland iko katika bonde kubwa linaloitwa San Joaquin. Bonde hilo ni tambarare, kama mbuga zetu za pamba. Mvua yake ni haba. Maji huletwa mashambani kwa mifereji na kwa pampu. Hulimwa zabibu, kama zile za Dodoma. Hulimwa pia pamba, machungwa na lozi. Mashamba ni makubwa sana, lakini si mali ya wale wanaoyalima. Wengi wa wanaolima ni vibarua. Wengi wao walitoka nchi ya Mexico, au ni watoto wa watu waliotoka huko.

Kazi ya kibarua wa zabibu ni ngumu. Jua ni kali na mgongo unauma. Mwaka 1965, katika mji jirani wa Delano, vibarua wa zabibu waligoma kudai malipo bora. Walianza Wafilipino, kisha wakaungana nao Wameksiko. Cesar Chavez alikuwa mmoja wa viongozi wao. Mgomo huo ulichukua miaka 5, mpaka mwaka 1970, ndipo wenye mashamba walipokubali kutia sahihi mapatano. Nawaambieni haya ili mjue watoto wa McFarland walikulia katika mahali pa namna gani.

Mwaka 1980 mji huo ulikuwa na watu 5,000 na kidogo tu. Watoto wengi waliwasaidia wazazi wao mashambani. Waliamka kabla ya jua, wakafanya kazi, kisha wakaenda shule. Siku za mapumziko na wakati wa likizo pia walikuwa shambani. Ndugu msomaji, je, hawafanani na watoto wetu?

Mwalimu mwenye baiskeli

Katika mji huo alikuwapo mwalimu mmoja, jina lake Jim White. Alianza kufundisha hapo mwaka 1964. Jina lake la pili, kwa Kiingereza, maana yake ni "nyeupe". Watoto wakalitafsiri kwa lugha yao ya Kihispania, wakamwita "Blanco".

Mwaka 1980 mwalimu White alianzisha timu ya mbio za nyika katika shule ya sekondari. Mbio za nyika ni mbio ndefu. Hazikimbiwi katika duara la uwanja. Hukimbiwa porini, majanini, vilimani na penye udongo. Hazihitaji vifaa vingi. Zinahitaji miguu, mapafu na moyo wa kuvumilia.

Mwalimu huyu aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Watu waliwatazama watoto wa vibarua, wakasema ni maskini, hawawezi kushindana na shule za miji yenye fedha. Yeye aliwatazama, akaona watu waliokwisha kuzoea kuamka mapema, kuvumilia jua na kuendelea na kazi hata mwili ukichoka. Mazoezi magumu yalikuwa yamekwisha kuanza nyumbani kwao, ingawa hakuna aliyeyaita mazoezi.

Basi akawakimbiza. Walikimbia barabarani na kando ya mashamba ya lozi na zabibu. Walikimbia siku za shule, na walikimbia wakati wa likizo. Yeye mwenyewe aliwafuata kwa baiskeli. Hakuwatuma mbio halafu akabaki kivulini. Jua lililowachoma wao lilimchoma na yeye.

Hesabu ya mbio za nyika

Sasa tufike kwenye swali la Mzee. Kwa nini mwalimu amhitaji mtu wa tano?

Katika mbio za nyika za shule, timu huwa na wakimbiaji 7. Wakimbiaji wa timu zote huanza pamoja. Kila mmoja akifika mwisho, hupewa namba. Wa kwanza hupewa 1, wa pili hupewa 2, na kuendelea. Kisha huchukuliwa namba za watu 5 wa mbele katika kila timu. Namba hizo hujumlishwa. Timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda.

Tuchukue mfano wa timu mbili katika mashindano yenye timu nyingi. Chukua kalamu, ufanye hesabu pamoja nami.

Timu A ina vijana watatu hodari sana. Wamefika wa 1, wa 2 na wa 3. Lakini wenzao wawili wamefika wa 30 na wa 40.
1 + 2 + 3 + 30 + 40 = 76.

Timu B haina hata mmoja aliyeingia katika saba wa kwanza. Vijana wake wamefika wa 8, wa 10, wa 12, wa 14 na wa 16.
8 + 10 + 12 + 14 + 16 = 60.

Timu ipi imeshinda? Ni timu B. Watu watatu hodari wa timu A wamepigiwa makofi, lakini timu yao imeshindwa. Imeshindwa na nani? Imeshindwa na pengo lililo kati ya mtu wa tatu na mtu wa tano.

Mzee alipofika hapa alichukua kijiti, akazifanya hesabu hizo mchangani. Mzee huyu alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la kisomo cha watu wazima. Alijumlisha mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe." Hakusema zaidi.

Ukali wa kweli

Mwalimu wa mbio za nyika akiijua hesabu hii, hawezi kuwa mpole. Hawezi kuwaambia watatu wa mbele, "Mmefanya vizuri, pumzikeni." Hawezi kumwambia wa tano, "Wewe hujaliwi, nenda nyumbani." Lazima awadai wote. Tena lazima amdai zaidi yule wa nyuma, kwa kuwa ndiye anayeweza kupunguza namba nyingi. Wa kwanza hawezi kupunguza chochote. Amekwisha kuwa 1. Lakini wa tano akitoka nafasi ya 40 akafika nafasi ya 20, amepunguza 20 kwa siku moja.

Lakini tuelewane. Ukali si fimbo. Ukali si matusi. Mtu yeyote anaweza kushika fimbo. Ukali wa kweli ni kudai kazi nzuri kila siku, bila kuchoka, na wewe mwenyewe uwepo. Mtoto anamvumilia mwalimu mkali akiona kwamba mwalimu huyo anamtaka afike. Hamvumilii mwalimu mkali anayetaka sifa yake mwenyewe.

Novemba mwaka 1987

Miaka 7 ilipita. Mwezi wa Novemba mwaka 1987, jimbo la California lilifanya kwa mara ya kwanza mashindano ya mbio za nyika ya shule za sekondari za jimbo zima. Yalifanyika katika mji wa Fresno, kwenye bustani kubwa iitwayo Woodward. Shule ziligawanywa katika madaraja, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Mbio zilikuwa za kilometa 5 hivi. Njia yake ina vilima, na watoto wa McFarland walitoka mahali tambarare.

Walikuwapo vijana 7. Kati yao walikuwamo ndugu wa tumbo moja wa familia ya Diaz. Walikuwapo pia Thomas Valles, Johnny Samaniego, Victor Puentes na Jose Cardenas. Hawa wote walikuwa watoto wa McFarland, mji wa vibarua wa mashamba.

Namba zilipojumlishwa, McFarland ilikuwa ya kwanza katika daraja lake.

Haikuishia hapo. Kutoka mwaka 1987 mpaka mwaka 2001, timu za mwalimu White zilishinda ubingwa wa jimbo mara 9. Mara moja inaweza kuitwa bahati. Mara 9 si bahati. Wale wa mwaka 1987 walimaliza shule, wakaja wadogo zao, na wadogo wa wadogo zao. Kila mwaka alikuwapo mtu wa tano mpya wa kusukumwa mbele.

Wengi wa vijana wale walisoma zaidi ya wazazi wao. Wako waliokwenda vyuo vikuu. Wako waliorudi kufanya kazi ya elimu kwa watoto wa vibarua. Mmoja alikuwa mwandishi wa magazeti. Zabibu bado zinachumwa, na kazi ya kuchuma si aibu. Lakini mtoto alikuwa na njia mbili mbele yake badala ya moja.

Sinema na kweli

Habari hii ilitengenezwa sinema mwaka 2015. Labda baadhi ya vijana wetu wameiona mjini. Sinema ni nzuri, lakini imefupisha mambo. Katika sinema, mwalimu anafika McFarland akiwa mgeni, na mwaka huo huo wa 1987 timu inashinda. Mtu akitazama atafikiri kwamba kazi ilikuwa ya miezi michache.

Kweli ni kwamba mwaka 1987 mwalimu White alikuwa amefundisha katika mji huo kwa miaka 23. Timu ilikuwa na umri wa miaka 7. Hata sinema ilipotoka, yeye na mkewe Cheryl walikuwa bado wanaishi McFarland.

Naona kweli ni nzuri kuliko sinema. Mpapai unazaa upesi, na mwembe unachelewa. Lakini mwembe wa babu bado unatupa kivuli, na chini yake ndipo tulipokuwa tumekaa siku ile.

Kosa langu mwenyewe

Sasa turudi shambani kama nilivyoahidi. Nataka kuwaambieni kosa langu.

Nilipotoka chuoni na cheti changu cha kilimo, nilipewa kikundi cha wakulima 10 wa pamba. Mmoja wao alikuwa hodari sana. Alipanda kwa mstari na kwa wakati. Alipalilia mapema. Wageni wakija kutoka wilayani, niliwapeleka kwake. Walimsifu yeye, na mimi nikasifiwa.

Mkulima wa kumi alikuwa wa nyuma siku zote. Nilimwita mzembe. Mwishoni niliacha kabisa kwenda kwake. Mwaka huo, baada ya mavuno, wenzake waling'oa masalia ya pamba na kuyachoma. Yeye hakung'oa. Miti ya pamba ilisimama shambani kwake mpaka msimu mwingine. Mnajua kinachokaa katika masalia. Wadudu na magonjwa hukaa humo na kungoja pamba mpya.

Pamba mpya ilipoota, wadudu hawakuuliza mipaka. Waliingia kwa jirani yake, na jirani yake alikuwa yule mkulima hodari. Alipulizia dawa zaidi ya alivyopanga, na bado alivuna kidogo. Siku moja aliniambia, "Bwana Shamba, ulinipa mimi sifa, ukamwacha jirani yangu. Sasa wadudu wake wamekuja kunipa pongezi."

Niliona aibu. Nikapanda baiskeli, nikaenda kwa yule wa kumi. Ndipo nilipojua kwamba mkewe alikuwa amelazwa hospitali miezi miwili. Yeye alikuwa peke yake na watoto wadogo. Hakuwa mzembe. Alikosa mikono. Kama ningalifika mapema, kikundi kizima kingaling'oa shamba lake kwa asubuhi moja tu.

Kijiji ni kama timu ya mbio za nyika. Hatuhesabiwi kwa mkulima wa kwanza peke yake. Mmoja akiacha masalia, sote tunakula hasara. Mmoja asipochanja kuku wake, kideri kinaingia kwa wote. Mmoja asipochimba choo, kipindupindu hakichagui nyumba.

Mapatano chini ya mwembe

Mzee na mwalimu walisikiliza mpaka mwisho. Kisha Mzee akasema, "Nimekubali hesabu. Lakini magugu yangu hayajui hesabu."

Hapo Mzee naye alikuwa na haki. Mtoto akikosa chakula, hawezi kukimbia. Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema wakati wa palizi mazoezi yatakuwa siku 3 kwa wiki, si 5. Tena yatakuwa alfajiri, kabla ya masomo, ili jioni mtoto aende shambani. Akasema pia kwamba Jumamosi timu nzima itakimbia mpaka shamba la Mzee, itapalilia saa moja, kisha itarudi kwa mbio. Jumamosi itakayofuata watakwenda shamba la mzazi mwingine.

Mzee alicheka. "Na wewe mwalimu utakimbia, au utakuja na filimbi tu?"

"Nitakimbia, Mzee. Na jembe nitashika."

Jumamosi hiyo nilikwenda kuangalia. Walikuja kweli, watoto 7 na mwalimu wao. Mwalimu alifika wa mwisho, pamoja na yule mtoto wa Mzee. Alikuwa anakimbia ubavuni pake na kumwambia, "Bado kidogo, bado kidogo." Walipalilia mistari mingi kuliko nilivyotazamia. Mama mwenye nyumba aliwapa uji.

Mashindano ya kata bado hayajafika. Kama watashinda au watashindwa, mimi sijui. Shule tutakayokutana nayo ina uwanja mzuri na viatu vya kukimbilia. Wetu wengi wanakimbia miguu mitupu. Lakini juzi nilimwuliza Mzee habari za mwanawe. Alinijibu, "Alikuwa wa sita. Sasa ni wa nne." Alisema hivyo bila kutabasamu, kama mtu anayetaja bei ya pamba. Kisha akachukua jembe lake, akaenda.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini timu B ilishinda timu A?
2. Timu C imefika wa 4, wa 5, wa 6, wa 20 na wa 21. Jumla yao ni ngapi? Je, wameishinda timu B?
3. Mwalimu mkali na mwalimu katili wana tofauti gani?
4. Katika kijiji chenu, ni mkulima gani ambaye hajatembelewa siku nyingi? Nani atakwenda kwake wiki hii?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya kuhifadhi mahindi yasiharibiwe na dumuzi. Anzeni kusafisha maghala.

Kwaherini kwa sasa.

Ni mimi wenu,
Bwana Shamba